Tukio Ambalo Halimo Kwenye Filamu

Tulimwacha Msusi kwenye ukingo wa kiti, ofisini kwa Mhariri wa michezo ya redio, roho mkononi. Kwenye televisheni, mama wa mlinzi alikuwa anapanda daraja, amebeba kifurushi. Na Msusi alikuwa anaomba jambo moja tu.

Kifurushi kile kisifunguliwe.

Kikifunguliwa, vikatoka viatu, kwisha habari yake!

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, usihangaike, shika hapa. Msusi ni mjane. Mumewe aliteketea katika moto wa ghala pamoja na wenzake, miili isitambulike wa huyu na wa yule, wakazikwa kaburi moja. Anaishi chumba cha wifi yake, anasuka kwenye saluni ya wifi yake, na hata gauni alilovaa lilikuwa la wifi yake kabla wifi hajanenepa.

Chake ni kimoja tu. Hadithi.

Aliianzisha kutoka kwenye ile filamu ya kigeni ya mlinzi wa daraja, anayepigwa risasi mwishoni. Filamu ilimfuata mlinzi mpaka akafa, ikazima taa. Msusi akauliza: na mkewe je? Akawa anawasimulia wateja huku anasuka. Wateja wakamrekodi, sauti ikaruka kutoka simu hii kwenda ile, mpaka ikatua kwa Mhariri. Mhariri akataka mchezo wa redio. Wenye filamu huko kwao wakaridhia kwa sharti: daraja azimeni, watu azimeni, lakini tukisikia tukio letu hata moja, mchezo mzima tunauzima.

Na tukio ambalo kila msikilizaji amelipenda ni lile la viatu. Mama wa mlinzi anafika darajani, anafungua kifurushi, anatoa viatu vya mwanawe, anaviweka katikati ya barabara. Anamwambia mkuu wa kikosi: "Mlichukua mtu mwenye viatu. Viatu ninavyo. Nirudishieni mtu."

Shida iko wapi? Shida ni kwamba Msusi hakumbuki kulitunga tukio hilo. Anakumbuka kuliona! Alikuwa mtoto, kwenye ukumbi wa video, amebanwa kati ya watu wazima, na viatu vile aliviona kwa macho yake mawili.

Haya. Turudi kwenye televisheni.

Mama wa mlinzi akafika katikati ya daraja. Kamera ilikuwa mbali, imekaa kule ng'ambo ya mto, mama anaonekana kama kidole. Akasema maneno machache. Hayakusikika, upepo tu. Akasimama. Akageuka. Akashuka daraja na kifurushi chake mkononi, kimefungwa vilevile.

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Umeona viatu?" Mhariri akauliza. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani amepandisha kichwani, kofia ya kalamu anaitafuna kama mbwa na mfupa.

"Sijaona."

"Mimi nimeitazama jana mara mbili. Sijaona pia." Akatema kofia ya kalamu. "Tukio halimo kwenye filamu, dada. Ni lako."

Msusi akacheka. Akacheka tena. Machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Sasa ndiyo umetunga," Mhariri akasema. "Unakumbuka ulivyoniletea mara ya kwanza? Mlinzi umemfanya bawabu, daraja umelifanya geti. Nikakwambia huko si kutunga, huko ni kumvisha mtu kofia ukasema ni mtu mwingine. Filamu ni nyumba ya watu. Usihamishe viti vyao. Tafuta mlango ambao wao hawakuufungua. Na mlango umeupata, ule wa kifurushi!"

Kisha akasogeza kinasa sauti.

"Sema hapa, kwa sauti yako. Wenye filamu wanataka ushahidi. Kila tukio ni lako?"

Msusi akaona tena ule ukumbi wa video. Viatu vyeusi, kamba zimefungwa pamoja. Macho yake yanasema yameona. Filamu inasema haina. Nani mwongo?

Akasogea kwenye kinasa sauti.

"Kila tukio ni langu."

Ameapa! Na ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Hata kinasa sauti hakijazimwa vizuri, simu yake ikalia. Wifi.

"Uko wapi wewe? Rudi saluni sasa hivi! Kuna mzee amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, hataki kutoka. Anasema umemwibia viatu."

"Viatu gani?"

"Unaniuliza mimi? Yeye mwenyewe viatu amevaa!"

* * *

Saluni ilikuwa imejaa, maana tangu hadithi ianze kusambaa, watu walikuwa wanakuja kusukwa hata kama hawana nywele. Katikati ya watu hao, kwenye kiti cha kuoshea nywele, amekaa mzee mmoja mkondefu, amevaa tai, amenyooka kama msumari.

Pembeni yake mteja mmoja alikuwa amesukwa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili umesimama kama ufagio.

"Dada Msusi, afadhali umekuja!" mteja akalia. "Tangu asubuhi niko hivi. Nikirudi nyumbani, mume wangu atadhani ameoa wawili."

"Subiri kidogo, shoga yangu." Msusi akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee."

Mzee akajibu, lakini hakuna aliyesikia. Hakuwa na sauti. Alikuwa na pumzi tu, inakwaruza kama kiberiti kilicholowa. Watu wakasogeza vichwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia tangazo la mchezo wako redioni asubuhi. Viatu vile ni vyangu."

"Vyako kivipi? Ile ni hadithi yangu. Nimetoka kuitazama filamu yote, mwanzo mpaka mwisho. Viatu havimo."

"Najua havimo." Mzee akatabasamu kwa kiburi. "Ningekuwa nimevikuta humo, vingekuwa vya kwao. Nimesema ni vyangu."

"Mzee, wewe ni nani?"

"Ngurumo."

Waliozaliwa zamani walishusha mikono mapajani.

Ngurumo! Nani aliyekua mji ule asimjue Ngurumo? Enzi za kumbi za video, filamu zilikuwa zinakuja kwa lugha ya watu, na yeye alikaa mbele na kipaza sauti, anatafsiri moja kwa moja. Anamsemea muuaji, anamsemea malaika, anaisemea mvua. Watu walikuwa hawasemi wanakwenda kuangalia filamu. Walisema wanakwenda kwa Ngurumo.

"Koo limeliwa na ugonjwa," mzee akasema, ananyoosha tai. "Lakini kichwa kiko salama. Yule mwigizaji mlinzi, unadhani alikuwa na akili? Mimi ndiye niliyempa akili! Kwao alikuwa anasema 'habari za asubuhi', kwangu alikuwa anasema shairi."

Wifi akaingilia, mikono kiunoni. "Mzee, usitufanyie mchezo. Wasemaji ni wengi. Tangazo limesikika mji mzima, kesho atakuja mwingine aseme daraja ni la babake."

"Tangazo limeishia wapi?" mzee akauliza.

"Limeishia kwenye 'nirudishieni mtu'."

"Basi mwanangu, sogea." Akamvuta Msusi mkono, akamwekea mdomo sikioni. "Askari mmoja anainama aviondoe viatu njiani, magari yapite. Mama anamwambia: 'Viguse. Atakayevigusa ndiye aliyemuua.' Na kikosi kizima kinasimama, hakuna anayenyoosha mkono."

Msusi akajinasua mkono.

Sentensi ile hakuwahi kumsimulia mteja yeyote. Haikuwa kwenye tangazo. Aliiandika juzi, peke yake, akaikabidhi kwa Mhariri peke yake. Aliiandika haraka bila kufuta hata neno, akajiona amebarikiwa. Kumbe hakuwa anatunga. Alikuwa anakumbuka!

Sasa umeelewa, msomaji? Mtoto yule hakuona viatu. Alimsikia Ngurumo. Kamera ilikaa ng'ambo ya mto, mama anaonekana kama kidole, maneno hayasikiki, na watu wamelipa kiingilio. Ngurumo hakuweza kunyamaza. Akakifungua kifurushi kwa mdomo wake. Akavitoa viatu kwa sauti yake. Na sauti ile ilikuwa na nguvu hata mtoto aliyebanwa kati ya watu wazima akatoka pale anaapa ameviona.

Ameogopa kuiba kwa wenye filamu. Ameiba kwa aliyewatafsiri!

"Kana," Wifi akamnong'oneza, kucha zimemshika begani. "Kana! Ukumbi ulishabomolewa. Kanda hakuna. Nani atamwamini mtu asiye na sauti? Hata akienda redioni watamsikia nani?"

"Wifi, amesema maneno ambayo..."

"Nimesema kana! Wateja hawa wote wamekuja kwa ajili yako. Unataka tukasuke upepo?"

Msusi akamtazama mzee. Kinywa chake kikafunguka. Na nitakwambia ukweli kwa sababu sina sababu ya kumpamba: alikana.

"Ni langu," akasema. "Labda tumefanana mawazo."

Mzee hakukasirika. Hilo ndilo lililomuua Msusi. Angemtukana, angepata nguvu. Mzee alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Umezoea kufanana na watu mawazo," akasema mwishowe. "Basi niambie. Kwa nini kamba zimefungwa pamoja?"

"Nini?"

"Kamba za viatu. Zimefungwa pamoja, cha kulia na cha kushoto. Kwenye hadithi yako umeandika hivyo, sivyo? Kwa nini?"

Msusi akatafuta. Hakupata kitu. Aliandika tu, kwa sababu ndivyo alivyoviona.

"Kwa sababu mama yangu aliogopa kimoja kisipotee," mzee akasema. "Ndugu yangu mkubwa alichukuliwa nyumbani, miguu mitupu. Mama akawa anakwenda getini na viatu vyake, wanamfukuza. Kesho anarudi. Alikwenda mpaka akafa, na hakurudishiwa mtu. Sikuwahi kumsimulia mwanadamu. Nilipoiona ile filamu, yule mama na kifurushi chake, nikajua ndani mna nini. Ndiyo maana nilikuwa nafungua."

Mteja wa nusu kichwa akaanza kulia. Wifi akageuka kutazama ukuta.

"Unataka nini, mzee?" Msusi akauliza. Sauti yake nayo ilikuwa imekwisha. "Jina lako litajwe? Nitawaambia watangaze jina lako kabla ya langu."

"Sitaki jina. Jina ninalo, wewe ndiye unayelitafuta. Nataka uvitoe. Nilikuwa nawasimulia watu niliowaona usoni, nao walikuwa wanalia na mimi. Sitaki vichezwe redioni, halafu yaje matangazo ya sabuni."

"Mzee, wanarekodi leo alasiri!"

"Basi una muda."

Akainuka, akanyoosha tai, akatoka. Watu walimpisha kama wanavyopisha maiti.

* * *

Msusi akampigia Mhariri. Akasema yote, mpaka ule uongo wa kwenye kinasa sauti.

Meno yakasikika kwenye plastiki.

"Ungenificha ningekufukuza," Mhariri akasema. "Sasa umesema, mambo ni magumu zaidi, maana siwezi kukufukuza. Waigizaji wako njiani. Toa viatu, niletee tukio lingine la kujaza pale. Likiwa la filamu, nafuta mchezo. Likiwa la mzee, nafuta mchezo. Likiwa la mtu yeyote ambaye hajakupa ruhusa, nafuta mchezo, na usinipigie tena."

"Na nisipolipata?"

"Utaendelea kusuka, dada."

Msusi akajifungia chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya nywele bandia na ndoo za dawa. Akachukua kalamu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akaandika: mama anafika darajani na kofia ya mwanawe. Akafuta. Kofia ni viatu vya kichwani!

Akaandika: mama anafika na shati. Akafuta. Akaandika: si mama, ni baba, na si darajani, ni kituo cha polisi, na amebeba mkanda. Akalitazama tukio lile, likamtazama. Ngurumo alikuwa amekaa ndani yake, amevaa tai.

Akajaribu kukimbilia mbali kabisa. Mke wa mlinzi anaolewa na mkuu wa kikosi ili alipe kisasi. Akaandika kwa kasi, moyo ukafunguka, akafika mwisho wa ukurasa. Hapo ndipo alipokumbuka filamu nyingine alimoyaona hayo, na nyingine, na nyingine.

Akaiachia kalamu. Akapiga ngumi boksi la nywele.

Kila mlango aliougusa, ndani mlikuwa na mtu!

Wifi akasukuma mlango. "Umepata?"

"Sijapata."

"Nilikwambia ukane. Sasa ona! Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hadithi ya watu, viatu vya watu, chumba cha watu. Huna lako hata moja, wifi yangu, na ulilokuwa nalo umelikabidhi kwa mzee wa tai."

"Niache, wifi."

"Nikuache uende wapi?"

Msusi alilala kifudifudi juu ya maboksi, akatamani moto ule wa ghala ungekuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Ndiyo, alifika huko. Mtu asiyekuwa na chake hata huzuni yake anaiona kama ya kupanga.

Kule mbele simu ya mteja wa nusu kichwa ikalia. Mwenyewe alikuwa ameinamishwa kwenye sinki. Wifi akatoka, akaipokea.

"Haloo? Hapana, shemeji, hawezi kushika simu. Yuko kwenye maji. Piga baadaye."

Msusi akainua kichwa.

Yuko kwenye maji. Piga baadaye.

Akakaa. Akatafuta kalamu chini, kati ya vitana.

Aliandika bila kunyanyua kichwa.

Siku ya moto, mumewe alisahau simu nyumbani. Baada ya maziko simu ile iliendelea kulia. Wenzake wa zamani, watu wa mbali ambao hawajapata habari. Mara ya kwanza Msusi alipokea ili awaambie. Kinywa kikakataa. Neno "amekufa" likakwama kama mwiba. Akajisikia anasema: "Yuko bafuni, anaoga. Piga baadaye."

Na aliyefuata, hivyohivyo. Na wa tatu. Mumewe akawa mtu wa kuoga tu! Kwa wiki nyingi, kila simu ilipolia, alikuwa hai kwa muda wa sentensi moja, maji yanamtiririka mgongoni.

Filamu haikuwahi kuingia ndani ya nyumba ya mlinzi. Haikujua kama kuna bafu. Hapa Ngurumo hakuwahi kufungua kitu. Hakuna mtu ndani ya mlango huu, Msusi akajiambia, ila mimi.

Kalamu ikasimama.

Si kweli. Alikuwapo na mtu mwingine.

* * *

Redioni, waigizaji walikuwa wameshavua saa na bangili ili zisigonge mezani. Mhariri akasoma karatasi zile amesimama kwenye korido, mgongo ukutani. Alipofika mwisho, hakutafuna kitu.

"Mke wa mlinzi," akasema polepole. "Anampokelea simu marehemu. Na huyu dada wa mlinzi, anayepiga kila jioni kumuulizia kaka yake, huku kaburini alikuwapo na akatupa udongo... huyu umemtoa wapi?"

"Yuko pale."

Mhariri akageuka. Kwenye benchi, Wifi alikuwa amekaa na pochi mapajani, amefunga saluni mapema ili aje kuwaona waigizaji uso kwa uso.

"Ana habari?"

"Hana. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa bado naishi kwangu, naye alikuwa anapiga, ananiuliza 'Kaka yupo?' Namwambia yuko bafuni. Ananiambia haya, nitapiga baadaye. Asubuhi tunaonana saluni kama hakuna kitu. Mpaka laini ikafungwa."

"Nenda kamwombe ruhusa," Mhariri akasema. "Studio inatusubiri. Ile taa nyekundu ikiwaka hakuna kurudi nyuma."

Asubuhi tu Msusi angelitumia tukio lile kimyakimya. Asubuhi alikuwa mtu mwingine. Akaenda, akachuchumaa mbele ya benchi, akaweka karatasi mapajani mwa wifi yake, juu ya pochi.

"Wifi, soma. Nusu ni yangu, nusu ni yako. Ukikataa, nalitoa."

Wifi akasoma. Midomo ilikuwa inatembea. Ghafla ikasimama.

"Litoe," akasema.

"Wifi..."

"Litoe nimesema!"

"Mzee wa watu alinikatalia kwa sababu ya mama yake, nikamwelewa. Wewe ni kwa nini? Unaona aibu kuwa ulimlilia kaka yako? Nilikuwa nakuheshimu kwa simu zile kuliko kwa chumba ulichonipa. Nilijua kuna mtu mmoja duniani ananisaidia kusema ule uongo."

"Usiseme hivyo." Wifi akaziba masikio, pochi ikaanguka. "Nakuomba, usiseme hivyo."

"Nimefumuliwa leo mpaka uzi wa mwisho. Hadithi si yangu, viatu si vyangu. Kimebaki hiki. Kilio changu na chako. Niruhusu, wifi. Ni chetu."

"Si chako!" Wifi akapiga kelele, waigizaji wakachungulia mlangoni. "Hata hicho si chako, mwanamke wewe! Kikisikika redioni atakisikia!"

"Nani atakisikia?"

Juu ya mlango wa studio taa nyekundu ikawaka. Mhariri, mkono kwenye kitasa, hakuingia.

"Wifi. Nani atakisikia?"

Wifi akashuka kutoka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, yeye mkubwa mbele ya mdogo wake. Akamshika Msusi mikono yote miwili. Aliposema, alikuwa ananong'ona kuliko Ngurumo.

"Sikuwa napiga peke yangu. Kila jioni simu ilikuwa kwenye spika, na kaka mwenyewe amekaa ubavuni mwangu, anakusikiliza unavyosema yuko bafuni."